Jibu: Fidla na viola bila piano, zinatosha onyesho zima?

Ndugu, umeuliza kama fidla na viola (chombo kama fidla, ila kikubwa kidogo na chenye sauti nzito zaidi) peke yake zinaweza kushika ukumbi kwa saa nzima. Zinaweza, tena sana, mradi uchague vipande vilivyotungwa kwa ajili ya vyombo hivyo viwili.

Anza na vipande vya mtunzi Mozart, K. 423 au K. 424 (K. ni namba katika orodha ya kazi zake), vya mwaka 1783. Inasimuliwa kwamba mtunzi Michael Haydn aliagizwa na askofu mkuu wa Salzburg atunge vipande sita, akaugua baada ya kumaliza vinne, rafiki yake Mozart akamalizia viwili. Mozart mwenyewe alipenda kupiga viola, na inasikika: hakuiacha ifuate nyuma tu, inajibizana na fidla.

Katikati weka Madrigali Tatu za mtunzi Martinů (1947), alizowatungia ndugu wawili, Joseph na Lillian Fuchs. Ni ngumu, zinataka mazoezi ya kutosha.

Mwisho, Passacaglia (kipande ambacho msingi mmoja mfupi unarudiwa tena na tena) ya mtunzi Halvorsen, iliyojengwa juu ya muziki wa mtunzi wa kale, Handel. Hapa ndipo utaacha kuulizia piano! Kila mpigaji anagusa nyuzi mbili kwa mvuto mmoja wa upinde, unasikia sauti nne kutoka kwa watu wawili, na uzi mnene wa viola unabeba besi yote.

Jambo moja watu hulisahau: mpiga viola akisimama kulia kwa hadhira, matundu ya kutolea sauti kwenye uso wa chombo chake yanaelekea nyuma ya jukwaa na sauti inapotea. Mwambie ageuke kidogo kuelekea watu.