Opinel No. 8 mpya ngumu kufunguka
Kisu kipya cha kukunja cha Opinel No. 8 kikiwa kigumu kufunguka, kosa si la pini. Mbao ya mpini imevimba kwa unyevu, inalibana bapa pale kwenye maungio. Usilazimishe kwa ukucha, utaung'oa. Zungusha pete ya chuma iliyo shingoni mwa mpini hadi uwazi wake ulingane na bapa, kisha gonga kitako cha mpini mezani. Ncha itachomoza, shika bapa kwa mgongo, si kwa makali. Kianike kikiwa wazi kivulini siku mbili, halafu paka nta ya mshumaa kwenye maungio. Mafuta ya kupikia hapana, huganda na kunasa vumbi. Angalia pia mhuri kwenye bapa: CARBONE (chuma cha kaboni) hushika kutu upesi kikilala na majimaji, hivyo kwa pwani chukua INOX (chuma cha pua).