Hesabu za Mwaka wa Kwanza: Uliza Kwanza ni Hesabu za Nani

Vyuo vikifungua, stendi ya Tabora hujaa vijana wenye mabegi, na stesheni ya reli vilevile. Kuna wa Chuo cha Ardhi wanaokuja kusomea upimaji, kuna wa Chuo cha Nyuki, kuna wa uuguzi, uhasibu, ualimu. Mimi nafundisha twisheni ya hesabu jioni hapa Isevya, na haipiti muda wanaanza kunifikia mmoja mmoja. Maneno yao hayatofautiani sana: "Shikamoo mwalimu. Mimi hesabu nilishaagana nazo kidato cha nne, sasa nimezikuta tena kwenye ratiba."

Marahaba. Hesabu zenu ni zipi?

Wengi hapo wananyamaza. Hofu waliyonayo wameiazima kwa mwenzao wa hosteli anayesomea ualimu wa fizikia, aliyewasimulia habari za kalkulasi hadi usiku wa manane. Sasa wewe wa uhasibu kalkulasi ya huyo inakuhusu nini? Kila fani ina hesabu zake, na karatasi ya mada hutolewa wiki ya kwanza kabisa. Isome yote. Ukikuta maneno kama uwiano, asilimia, riba, wastani, basi zaidi ya nusu ya somo hilo uliwahi kulisoma, hata kama ulilisoma vibaya.

Na hapo kwenye kulisoma vibaya ndipo penye kazi. Kwa ninavyoona mimi, wanafunzi wa chuo hawaangushwi sana na mada mpya. Wanaangushwa na za kidato cha kwanza na cha pili: kujumlisha sehemu, kuhamisha kitu kutoka upande mmoja wa mlinganyo kwenda wa pili, kufungua mabano yenye alama ya kutoa mbele yake. Aliyetoka michepuo ya kidato cha tano na sita kama HKL au HGL hajagusa hesabu tangu kidato cha nne, wakati mwenzake wa CBG au HGE alau alipitia BAM, yale masomo ya hesabu za msingi kwa wasiosoma hesabu kamili. Kama wewe ni wa kundi la kwanza, tafuta kitabu cha hesabu cha sekondari cha mdogo wako, kaa nacho wiki za mwanzo. Usione haya. Haya utaiona vizuri kwenye sapu, yaani mtihani wa kurudia somo ulilofeli.

Tuje kwenye fani zenyewe.

Uuguzi na utabibu, hesabu zenu karibu zote ni za uwiano, lakini zina makali. Binti mmoja alikuja na swali la mazoezi: mtoto ana kilo 14, dawa inatakiwa miligramu 15 kwa kila kilo, na dawa ya maji iliyopo ina miligramu 120 katika kila mililita 5. Apewe mililita ngapi? Miligramu alipata sawasawa, 210. Kisha akachukua kalkuleta, akagawa 120 kwa 210, akazidisha kwa 5, akaandika 2.86 na kupiga mstari chini mara mbili kabisa. Nikamwambia aweke kalkuleta pembeni. Mililita 5 zina 120, mililita 10 zina ngapi? "240." Na wewe unataka 210. Akaangalia jibu lake, akalifuta mwenyewe bila kuambiwa: lazima liwe pungufu kidogo ya 10. Ni 210 gawa kwa 120, mara 5, yaani 8.75. Kukadiria kabla ya kukokotoa ndicho kitu ninachowasisitizia watu wa afya kuliko kanuni yoyote. Kanuni unaweza kuipindua bila kujua, na kalkuleta haitakuonya.

Biashara na uhasibu: shida yenu inaitwa asilimia, na hasa asilimia ya nini. Bidhaa imeuzwa 118,000, VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 18 ikiwa imo ndani. Bei bila kodi ni ngapi? Darasa zima litatoa asilimia 18 ya 118,000 na kupata 96,760. Si kweli. Hiyo 18 ilihesabiwa juu ya bei ya kabla ya kodi, kwa hiyo unagawa kwa 1.18, unapata 100,000 kamili. Ugonjwa ni huohuo kwenye faida: ukinunua kwa 8,000 na kuuza kwa 10,000, faida ni asilimia 25 ya gharama, lakini ni asilimia 20 ya mauzo. Mtihani ukitaka moja ukatoa nyingine, alama zimekwenda. Mimi ningekuwa na uwezo ningefuta nusu ya mada za somo hilo, muda wote uende kwenye asilimia na riba.

Upimaji ardhi, nyinyi mna trigonometria, na hamna pa kuikwepea. Mambo mawili yanawagharimu sana. La kwanza ni kalkuleta yenyewe. Kila ukiiwasha, andika sin 30. Ikileta 0.5 iko kwenye digrii, endelea. Ikileta namba hasi, −0.988, iko kwenye radiani, kipimo kingine cha pembe, na kila utakachokokotoa baada ya hapo ni takataka. La pili ni dakika. Nyuzi 30 na dakika 15 ni 30.25, wala si 30.15, maana digrii moja ina dakika 60. Mtu anasema tofauti hiyo ni ndogo, digrii 0.1 tu. Nenda nayo kilomita moja uone: unakuwa umekosea karibu mita 1.75 pembeni. Hapo umeshaingia uwanja wa jirani, na kesi za mipaka mnazijua.

Wa nyuki nawapenda kwa sababu hesabu zao zinashikika. Lita moja ya asali ina takribani kilo 1.4, kwa hiyo debe la lita 20 ni kama kilo 28. Ukipewa mavuno kwa lita na bei kwa kilo, ukasahau kubadili, umempunja mfugaji vibaya. Takwimu nazo mtazikuta, sawa na wenzenu wa maendeleo ya jamii. Wafugaji watano wamevuna kilo 12, 14, 15, 16 na 93. Wastani ni 30, na hakuna hata mmoja aliyevuna karibu na 30! Mediani, yaani namba ya katikati ukizipanga kwa ukubwa, ni 15, nayo ndiyo inayosema habari ya kijiji hicho. Lekchara atauliza kwa nini umechagua kimojawapo, na jibu la "ndivyo kanuni inavyosema" halina alama.

Ualimu wa hesabu na fizikia ndio wenye kalkulasi ya kweli, pamoja na uthibitisho. Huko desa, yaani makaratasi ya maswali na majibu ya miaka iliyopita, litakusaidia kujua mtindo wa maswali, basi. Uthibitisho ukiukariri, wakibadili herufi moja umepotea. Funga daftari, uandike upya kutoka kichwani, na ukikwama angalia mstari mmoja tu kisha ufunge tena.

Kuhusu makundi ya kusoma: watatu au wanne wanatosha, na kalamu izunguke. Kundi ambalo mmoja anakokotoa na wengine wanatikisa kichwa ni la kupoteza jioni. Msomeeni mwenzenu swali la Kiingereza halafu alieleze kwa Kiswahili kabla ya mtu yeyote kugusa namba. Mara nyingi mtakuta hesabu ilikuwa nyepesi, ila swali ndilo halikueleweka.

Testi ya kwanza msiidharau, kwa kuwa alama zake zinabebwa hadi mwisho wa muhula. Na wanaotaka kuja Isevya waje sasa, wakati wa maembe. Wiki ya mtihani huwa nakuta foleni mlangoni, kila mtu anataka mada zote kwa jioni moja, na hiyo kazi siiwezi.