Maswali ya wasomaji: Mzigo, kiti cha magurudumu na manukato uwanjani

SWALI: Nitabadilisha ndege kwenye uwanja mkubwa, muda wa kusubiri ni saa mbili. Begi nitalichukua au litapitiliza?

JIBU: Soma tagi wanayoifunga kwenye begi kaunta ya kwanza, kabla hujaondoka hapo. Herufi tatu kubwa zikiwa za mwisho wa safari yako, tuseme LHR kwa Heathrow, begi limeandikishwa moja kwa moja. Zikiwa za uwanja wa kubadilishia, litashushwa huko na itakubidi ulifuate.

Hilo huwapata zaidi wenye tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali. Utapita uhamiaji, kwa hiyo huenda ukahitaji visa, uchukue begi, upite forodha, kisha upange foleni upya kwenye kaunta ya shirika la pili. Kaunta hiyo mara nyingi hufungwa saa moja kabla ya ndege kuruka. Saa mbili hazitoshi kabisa, na ukiachwa, shirika la pili litakuhesabu abiria aliyechelewa. Nunua tiketi moja ya safari nzima, hata ikizidi bei kidogo. Ukipitia Marekani, kwa kawaida utachukua begi uwanja wa kwanza hata kama tiketi ni moja, na kulikabidhi tena baada ya forodha.

Kile kipande kidogo cha tagi unachopewa usikitupe: kina namba ya tarakimu 10 inayotumika kulisaka begi. Lisipotokea kwenye mkanda, usitoke ukumbi wa mizigo. Nenda dawati la mizigo, iandikwe ripoti, uondoke na namba ya kumbukumbu. Chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, mkataba wa kimataifa wa usafiri wa ndege, malalamiko ya begi lililoharibika hupelekwa kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu ulipolipokea. La lililochelewa, ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Wengi hukosa fidia kwa sababu waliripoti kwa mdomo tu.

SWALI: Mama yangu ana magoti mabovu. Nimwombeeje kiti cha magurudumu?

JIBU: Liarifu shirika la ndege angalau saa 48 kabla, na usiishie kusema "kiti". Kuna viwango vitatu vya msaada, kila kimoja na herufi zake. WCHR ni kwa anayeweza kupanda ngazi lakini umbali mrefu unamshinda. WCHS ni kwa asiyeweza ngazi. WCHC ni kwa asiyetembea kabisa, hata ndani ya ndege. Mama mwenye magoti mabovu akiandikwa WCHR, na ndege ikaegeshwa mbali pasipo daraja la kuunganisha ndege na jengo, atatarajiwa ashuke ngazi kwa miguu, maana gari la kunyanyulia abiria halikuagizwa. Mwandikishe WCHS. Na atakapobadilisha ndege, abaki kwenye kiti chake hadi mhudumu afike; akitoka na wenzake, mhudumu humkosa.

SWALI: Manukato ya duka lisilo na ushuru yatapita ukaguzi wa pili?

JIBU: Yakizidi mililita 100, yaache ndani ya mfuko maalumu uliofungwa dukani, risiti ikionekana. Ukiufungua kabla ya ukaguzi huo, yatachukuliwa. Viwanja vingine bado huyakataa, kwa hiyo muulize muuzaji kwa kumwonyesha pasi yako ya kupandia ndege inayofuata kabla hujalipa.