Piga chekipointi ya Hyper-V, kisha ifute mapema

Kabla hujaweka sasisho kwenye mashine pepe (kompyuta inayoendeshwa ndani ya seva na programu ya Microsoft iitwayo Hyper-V), piga chekipointi, yaani alama ya hali ya mashine wakati huo. Mambo yakienda mrama unarudi ulipokuwa. Ila elewa kinachofanyika kwenye seva. Hyper-V haitoi nakala ya diski. Inaiacha faili ya VHDX, ambayo ndiyo diski ya mashine pepe, ibaki ilivyo, na kila kinachoandikwa kuanzia hapo kinaingia kwenye faili mpya ya AVHDX kando yake. Ndiyo maana chekipointi si bekapu: VHDX ikiharibika, AVHDX peke yake haikusaidii kitu.

Na AVHDX haiachi kukua. Kwenye hifadhidata yenye shughuli nyingi inaweza kunenepa kwa makumi ya gigabaiti ndani ya siku chache. Diski ya seva ikijaa, mashine inasimama, hali yake inasomeka Paused-Critical, na mashine nyingine zinazotumia diski hiyo ziko hatarini.

Tangu Windows Server 2016, aina ya chekipointi inayokuja yenyewe ni Production. Hii huiomba Windows iliyo ndani ya mashine itulize uandishi wake kupitia VSS, huduma ya Windows inayoandaa data kwa ajili ya kunakiliwa. Haihifadhi yaliyomo kwenye RAM, hivyo ukirudi nyuma utaikuta mashine imezimwa, iwashe tu. Shida ni kwamba Production ikishindikana, Hyper-V hupiga Standard badala yake, aina inayohifadhi na RAM bila kutuliza uandishi. Kwa hifadhidata usikubali hilo. Kwenye PowerShell, kwa mashine inayoitwa Mauzo:

Set-VM -Name Mauzo -CheckpointType ProductionOnly
Checkpoint-VM -Name Mauzo -SnapshotName "Kabla ya sasisho"

Hapo ikishindikana utaona kosa, na utajua kuna cha kurekebisha kwenye VSS kabla ya kugusa kitu kingine.

Wengi huogopa kufuta. Kufuta chekipointi hakupotezi kazi iliyofanyika baada yake: yaliyomo kwenye AVHDX humiminwa ndani ya VHDX, tena mashine ikiendelea kufanya kazi. Kinachopoteza ni Apply, yaani kuirudisha mashine kwenye chekipointi, kwa hiyo ukiitumia chagua Create Checkpoint and Apply kama huna uhakika.

Futa kwa Remove-VMSnapshot au ndani ya Hyper-V Manager, kisha angalia folda mpaka AVHDX itoweke yenyewe. Faili kubwa huchukua muda, subiri. Ukiifuta kwa mkono mnyororo wa faili hizo unakatika na mashine haiwaki.

Kila Jumatatu endesha Get-VMSnapshot -VMName * usome safu ya CreationTime. Iliyopita siku 3, muulize mwenye mashine, kisha iondoe. Ikizidi siku 30 kwenye mashine iliyo chini ya domeni (kundi la kompyuta zinazosimamiwa pamoja kwa Active Directory), kuirudisha kunaweza kuifanya ikataliwe kuingia, kwa sababu nenosiri la mashine lilishabadilika.