Maswali ya Wasomaji: Kupunguza Sukari Hatua kwa Hatua

SWALI: Mimi ni mama wa watoto watatu, mkazi wa Moshi. Kwa siku hunywa vikombe vitatu vya chai ya maziwa, kila kimoja kwa vijiko vinne vya sukari. Nilijaribu kuiacha ghafla, lakini siku ya tatu nikairudia. Je, nihamie kwenye asali?

JIBU: Dada mpendwa, usijilaumu, kwani ulimi uliozoea utamu kwa miaka mingi hauwezi kuusahau kwa siku tatu. Kijiko kidogo cha chai hubeba takriban gramu 4 za sukari, hivyo vijiko vyako 12 ni karibu gramu 48, ilhali Shirika la Afya Duniani hupendekeza mtu mzima asizidishe gramu 50 kwa siku, na ikiwezekana abaki chini ya 25, zikihesabiwa pamoja na sukari iliyomo kwenye soda, juisi na maandazi. Asali nayo imo katika hesabu hiyo, kwa hiyo kuhamia huko hakutakusaidia.

Punguza nusu kijiko katika kila kikombe, ukae hapo wiki moja au mbili hadi uizoee ladha hiyo, ndipo upunguze tena. Chemsha chai kwa tangawizi, iliki na mdalasini, maana harufu yake hukifariji sana kinywa kinachotafuta utamu. Ndizi mbivu uile nzima, usiisage kuwa juisi. Iwapo unatumia dawa za kisukari, muone daktari kwanza, kwa sababu huenda kipimo cha dawa kikahitaji kubadilishwa.