Ultrasaundi imeona mrija wa nyongo umetanuka. Kwa nini tena MRCP?

SWALI: Shikamoo daktari. Naandika kutoka Kondoa kuhusu mama yangu, ana miaka 61. Hii ni wiki ya tatu macho yake ni ya njano, anajikuna usiku kucha, na mkojo umekuwa kama chai ya rangi. Maumivu yapo ila si makali. X-ray ya tumbo haikuonyesha kitu. Ultrasaundi imesema ana vijiwe kwenye mfuko wa nyongo, mrija mkuu wa nyongo umetanuka hadi milimita 14, na "sehemu ya chini ya mrija haikuonekana kwa sababu ya gesi". Ameandikiwa MRCP (picha ya mirija ya nyongo kwa mashine ya sumaku, yaani MRI) Dodoma mjini. Jirani anatwambia tudai CT kwa kuwa ina nguvu zaidi. Binamu anasema twende moja kwa moja ERCP, ile ya kamera inayopitishwa mdomoni, inaona kijiwe na kukitoa papo hapo. Hela tuliyonayo ni ya alizeti ya msimu huu, haitoshi kujaribu vyote. Tuanze na kipi?

JIBU: Marahaba. Mpe mama pole.

Nianze na ile sentensi ya gesi, maana ndiyo iliyomfanya daktari wenu aandike MRCP. Mrija mkuu wa nyongo unatoka chini ya ini, unapita nyuma ya mwanzo wa utumbo mwembamba, unazama ndani ya kichwa cha kongosho, halafu unamwaga nyongo utumboni. Mawimbi ya ultrasaundi hayapenyi hewa. Pale utumbo wenye gesi unapoufunika mrija, sisi tulioshika kifaa tunaona ukungu mtupu. Aliyempima mama ameandika ukweli: sehemu ya juu ameiona na imetanuka, kwani kwa umri wake tungetegemea milimita 6 au 7. Maana yake nyongo imezuiwa huko chini. Kilichoizuia hajakiona, na hajasema kwamba hakipo.

Wanaoziba pale chini mara nyingi ni wawili: kijiwe kilichoteleza kutoka kwenye mfuko, au uvimbe wa kichwa cha kongosho au wa mdomo wa mrija wenyewe. Wapo na wengine. Mnyoo wa askarisi, kwa mfano, hupanda kutoka utumboni ukaingia kwenye mrija, na kwenye skrini unauona kama mistari miwili inayokwenda sambamba, mara nyingine ukijinyonganyonga. Kwa mama, vijiwe vya kwenye mfuko vinanielekeza kwenye kijiwe. Lakini wiki tatu za manjano bila maumivu makali zinanizuia kuapa. Mtu anaweza kukaa na vijiwe vyake miaka mingi kwa amani, kisha akapata uvimbe usiohusiana navyo kabisa.

X-ray msiihesabu. Katika vijiwe 100 vya nyongo, X-ray huona kama 10 au 15, vile vyenye kalsiamu ya kutosha. Na hapa ndipo jirani anapokosea. CT nayo hutumia mionzi ileile ya X-ray, hivyo kijiwe cha kolesteroli kinaweza kufanana rangi na nyongo iliyokizunguka, ukakipita hivihivi. Kwa swali la "kuna kijiwe kwenye mrija?", CT haina hiyo nguvu anayoisema.

MRCP ni MRI iliyowekwa kwa namna ambayo majimaji yaliyotulia yanang'aa na vingine vyote vinafifia. Nyongo yenyewe ndiyo inayochora picha: unaona mti mweupe kwenye giza, matawi ndani ya ini na shina likishuka. Kijiwe kinakaa ndani ya shina kama shimo jeusi. Uvimbe huonekana kwa namna nyingine: shina linakatika ghafla, au mrija wa nyongo na wa kongosho yote miwili imevimba na kukomea mahali pamoja. Hakuna mionzi, na kwa picha ya mirija peke yake hakuna haja ya sindano ya dawa ya kung'arisha picha. Udhaifu wake ni vijiwe vidogo vya chini ya milimita 5, ambavyo huweza kuiponyoka.

Sasa binamu. ERCP ni kamera inayopitishwa mdomoni hadi kwenye mdomo wa mrija, dawa inayoonekana kwenye X-ray inamwagwa ndani na picha zinapigwa. Ilianza mwaka 1968 kama njia ya kuangalia. Mwaka 1974 madaktari wa Ujerumani na Japani walionyesha kwamba mdomo wa mrija unaweza kukatwa kidogo na kijiwe kikavutwa nje. Tangu MRCP ilipoingia mwaka 1991, hatuna tena sababu ya kumpitisha mtu kwenye ERCP ili kuangalia tu, kwa sababu ina gharama mwilini: katika wagonjwa 100, kati ya 3 na 10 hivi hupata mchochota wa kongosho baada yake, na baadhi yao huumwa sana. Kwa hiyo ERCP ni tiba. Ukiifuata, uwe unajua unakwenda kutoa nini. Tena mgonjwa wa manjano ya muda hunyonya vitamini K kidogo na damu yake huchelewa kuganda, kwa hiyo kipimo cha kuganda damu kinatangulia. Na si kila hospitali yenye MRI ina mtaalamu wa ERCP. Ulizeni mapema.

CT ina siku yake. MRCP ikionyesha kuwa ni uvimbe, mama atahitaji CT ya kongosho yenye dawa ya mshipani, picha zikipigwa kwa zamu, ya kwanza sekunde 40 hivi baada ya dawa kuanza kuingia, ili tujue kama umegusa mishipa mikubwa ya damu na kama upasuaji unawezekana. CT hiyo ipigwe kabla mtu hajaweka bomba la kupitisha nyongo ndani ya mrija. Bomba likishaingia, eneo lote linavimba na kutia ukungu, nasi tunabaki kubishana mbele ya picha. Ila CT ya tumbo isiyo na dawa, kwa mgonjwa kama huyu, kwangu ni kuchoma hela ya alizeti. Akifika hatua hiyo awe na majibu ya kreatinini, kipimo cha damu cha figo, ili tujue figo zitaimudu dawa.

Kuna jambo moja ningelifanya kabla ya yote, nalo ni la bei ndogo: kurudia ultrasaundi mkishafika Dodoma. Niliwahi kumpokea mama mmoja kutoka Mpwapwa akiwa na ripoti kama hii yenu. Kumbe siku ya kipimo alikuwa amekunywa chai ya maziwa na maandazi mawili. Mfuko ukajikamua, gesi ikajaa. Nikamrudisha aje asubuhi bila kula. Nikamlaza ubavu wa kushoto, sikuona. Nikamkalisha, nikampa glasi mbili za maji, nikasubiri dakika kumi. Maji yalipojaa tumboni yakawa dirisha, na nyuma yake kikatokea kijiwe cha milimita 9 chenye kivuli cheusi chini yake. MRCP hakuihitaji tena, akaandikiwa ERCP moja kwa moja. Mara nyingi mbinu hii inashindwa, lakini kujaribu ni nusu saa.

Ikishindwa, MRCP. MRI ipo Hospitali ya Benjamin Mkapa, pale jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma. Mama asile wala kunywa kwa saa nne hadi sita, kwani maji ya tumboni nayo yanang'aa na kuufunika mrija kwenye picha. (Sehemu nyingine humpa mgonjwa juisi ya nanasi. Manganizi iliyomo hufanya majimaji ya tumboni yawe meusi kwenye picha. Msijinyweshe wenyewe, subirini kuambiwa.) Avue bangili, hereni na pini za mtandio, na aseme kama ana betri ya moyo au chuma chochote mwilini. Mashine inagonga kama mtu anayepigilia bati, kwa hiyo mwambieni mapema asije akashtuka, na ajizoeze kushika pumzi kwa sekunde 20.

Haya yote ni kwa mama aliyetulia. Akipata homa ya kutetemeka, maumivu chini ya mbavu za kulia yakizidi, au akianza kuchanganyikiwa, nyongo iliyoziba imeingiwa na maambukizi. Hapo msingoje tarehe ya MRCP, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku, maana mrija unaweza kuhitaji kuzibuliwa haraka.

Mkija, njooni na ripoti ya kwanza pamoja na picha zake, si karatasi ya majibu peke yake. Na mwombeni daktari aandike kwenye fomu ya kipimo: manjano wiki tatu, mrija milimita 14, kijiwe au uvimbe? Fomu nyingi zinatufikia zimeandikwa "MRCP" tu, nasi tunaanza kumhoji mgonjwa akiwa ameshalala kwenye mashine.