Maneno 24 yaliyokuja ndani ya boksi

Swali: Nimenunua kifaa cha kuhifadhia bitkoini, na ndani ya boksi nimekuta kadi yenye maneno 24 yaliyokwisha kuandikwa. Je, niyatumie?

Jibu: Hapana, ndugu msomaji, kwa kuwa maneno hayo ndiyo ufunguo wa bitkoini, yaani sarafu zako za kidijitali, na aliyeyaandika anaweza kuzichota akiwa popote, bila hata kukigusa kifaa. Kifaa cha kweli huyateua maneno chenyewe, kutoka orodha ya maneno 2,048, na kuyaonyesha kwenye kioo chake kidogo unapokiandaa mara ya kwanza. Kirudishe hicho, ununue kingine kwa mtengenezaji mwenyewe. Maneno mapya yaandike kwa kalamu, kwa mpangilio uleule, wala usiyapige picha. Kisha tuma kiasi kidogo cha bitkoini kwenye kifaa hicho kipya, ukifute, ukirejeshe kwa maneno hayo na kuhakikisha kwamba salio limerudi.